Visiwa vya Mafuta vya Mpwa Wangu

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeielewa sayansi. Dakika kumi tu! Wenzangu wanaisotea miaka.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma katika maabara ile ile ninamooshea vyombo. Alhamisi wanakuja watahini watatu. Akiwaonyesha visiwa, anapita. Asipowaonyesha, anafungasha virago na kurudi kwa mama yake. Dada amepiga simu mara mbili kuuliza kama mtoto analala. Nimemwambia asiwe na hofu, mimi nipo. Akakata simu. Sijui kwa nini.

Visiwa ni hivi. Kila seli ya mwili imevaa ngozi nyembamba ya mafuta. Mafuta hayo si ya aina moja. Yapo yenye mikia iliyonyooka, hupenda kubanana. Yapo yenye mikia iliyopinda, hayabananiki kamwe. Halafu kolesteroli, mdaku, hujipenyeza kotekote ila huwapendelea wanyoofu. Penye joto wote huchanganyika kama ndugu. Pakipoa, wanyoofu hujitenga pamoja na mdaku wao, wakawa visiwa. Mpwa hutengeneza viputo vya mafuta hayo, akatia rangi ya kung'aa, akavitazama kwa darubini. Rangi huwakimbia wanyoofu, kwa hiyo visiwa huonekana vyeusi.

Nikamwambia hiyo naijua tangu zamani, ndivyo ukoo wa baba yake wanavyokaa kwenye sherehe. Alicheka mpaka akashika meza. Nimekwisha kuwaeleza mlinzi, mpishi wa kantini na Lenzi. Lenzi ni fundi wa darubini, hasidi wangu wa miaka sita. Aliniuliza kama nimemaliza kuosha chupa.

Jumanne, 10 Juni

Msiba!

Chupa ya mafuta yaliyopinda ilikuwa ya mwisho. Ya kioo, nyembamba kama ukucha! Na mikono hii imevunja vioo vingapi? Nikaona heri kinga kuliko tiba. Asubuhi nikayahamishia kwenye kichupa cha plastiki, kipya, chenye kifuniko chekundu. Nikajipongeza.

Kumbe mafuta yale yameyeyushwa ndani ya klorofomu, na klorofomu hula plastiki kama mchwa. Kufika adhuhuri kichupa kimelegea shingo, ndani uji mtupu. Lenzi alikinyanyua kwa koleo, akauliza mbele ya watu kama hii ndiyo ile sayansi ya dakika kumi.

Mpwa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa, akasema taratibu, "Mjomba, haya si mafuta tena. Umenipikia plastiki." Baadaye akakumbuka limebaki tone ndani ya sindano yake ya kioo. Tone! Mwaka mzima wa mtoto unaning'inia kwenye tone.

Sikula.

Jumatano, 11 Juni

Vimetokea! Kutoka tone lile lile! Saa nne asubuhi aliniita nichungulie. Viputo vimejaa tele, na juu ya kila kimoja visiwa vyeusi, mviringo, vinaelea polepole. Viwili vikagongana, vikawa kimoja. Nilibubujikwa na machozi mpaka Lenzi akaniondoa, eti nitalowesha darubini.

Chumba kinakaa kwenye digrii ishirini na mbili. Mpwa ameniapisha kwamba kesho sitagusa kitu. Nimeapa kwa kaburi la bibi yake. Sitagusa kitu.

Kualika watu hakukutajwa.

Alhamisi, 12 Juni

Sikugusa kitu. Hilo liandikwe la kwanza.

Niliita watu kumi na sita tu. Mlinzi, mpishi, madereva, makarani, mafundi bomba. Mtoto atahiniwe bila watu wake, kwani ni yatima? Mpwa alikuwa mlangoni kwa nje anawapokea watahini, nikawapitisha watu wangu mlango wa nyuma. Chumba cha darubini ni kabati lenye taa. Tulisimama bega kwa bega, nikafunga milango asitoroke mtu kabla ya makofi. Mpishi akaanza kukohoa kwa baridi. Nikazima kiyoyozi. Huruma tu. Na kiyoyozi si kitu cha maabara, ni cha jengo.

Watahini walichelewa nusu saa. Walipoingia, Mpwa alituona. Sura ile sitaisahau.

Mtahini mkuu, mama mwenye miwani ya mnyororo, akainama kwenye darubini. Akakaa. Akasema haoni kisiwa hata kimoja, anaona mipira iliyong'aa sawasawa. Mpwa akachungulia kipimajoto. Thelathini na moja. Visiwa vyake huyeyuka kwenye ishirini na nane! Pumzi zetu! Mapenzi yetu! Wanyoofu na waliopinda wamerudi kuwa ndugu siku ambayo hatukuwahitaji.

Mpwa akaomba dakika ishirini, watu watoke, papoe. Mtahini akajibu kwa upole kwamba ana mwanafunzi mwingine anamsubiri, na kwamba kwa upande wa mahudhurio mtihani umefana. Wakatoka. Watu wangu wakapiga makofi, hawakujua. Mpwa naye akatoka, bila kunitazama.

Nilibaki peke yangu na kiyoyozi. Baada ya robo saa nikachungulia. Visiwa vilikuwa vinarudi, kimoja baada ya kingine, vyeusi, vizuri ajabu. Nikakimbia hadi uani nikipunga mikono. Gari la watahini lilikwisha kata kona.

Ijumaa, 13 Juni

Hukumu. Mpwa amepewa miezi miwili arudie, na ni mara ya mwisho. Profesa, mkuu wa maabara, amenipokonya ufunguo. Nimepelekwa stoo, kupokea mizigo. Lenzi amenisindikiza mpaka mlangoni, kwa furaha.

Dada akapiga. Mpwa alipokea mwenyewe, akamwambia kiyoyozi kilizimika. Hakusema kilizimwa na nani. Nililia mbele ya makarani wote.

Nimejichunguza, na kosa nimeliona: nilichelewa kusaidia. Safari hii naanza mapema.

Mchana limefika boksi. Mafuta mapya, Profesa ameyaomba kwa marafiki zake wa maabara nyingine, na hakuna mengine. Limejaa barafu, limeandikwa kwa wino mwekundu lisifunguliwe ila na mwenyewe. Na mwenyewe ni nani kama si damu yangu? Nimelifungua. Kichupa kidogo, kimeganda, baridi ya maiti. Maskini! Nimekitia ndani ya shati, karibu na moyo, nikatoka kukaa nacho juani.