Juzuu ya Pili ya Glovu za Sufu

Jumatano, 1 Oktoba

Zigfrīds muuza mitumba kapiga simu. Kasafisha nyumba ya mfumaji mmoja marehemu huko kijijini Alsunga, na ndani ya sanduku kakuta Juzuu ya Pili ya nakshi za glovu za sufu. Chapa ya kabla ya vita! Ya Kwanza ninayo. Miaka tisa imekaa rafuni kama mjane. Ataileta sokoni hapa mjini Kuldīga Jumamosi. Atakayewahi ndiye mwenyewe.

Nimemwambia mke wangu Biruta. Kajibu kwamba mwanamume mwenye vitabu mia mbili na kumi na viwili vya kufuma, kushona na kusuka vikapu hapaswi kufunga suruali kwa pini. Kukusanya ni jambo moja, kufuma ni jingine.

Shida ni Bi Mirdza. Mwalimu mstaafu wa jiografia, kiwiko kama kasia. Mwezi wa nne alinipokonya kitabu cha lesi vidoleni mwangu, kisha akaniomba radhi kwa kunikanyaga!

Alhamisi, 2 Oktoba

Mpango umeiva. Nimemvizia kwenye foleni ya mkate. Nikamwambia, kwa uso wa msiba, kwamba soko la Jumamosi limefutwa, eti daraja linakarabatiwa. Kanishukuru sana. Kasema mimi ndiye jirani wa kweli. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimefika saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu. Meza tupu! Muuza samaki wa kukaushwa kwa moshi peke yake. Kaniuliza kama nami sikupigiwa simu. Simu gani? Kumbe Bi Mirdza, kwa wema wake, kawapigia wachuuzi wote wasijisumbue. Muuza samaki hana simu, habari kaisikia akiwa njiani. Zigfrīds kabaki kwake akitia kabichi chumvi.

Nimenunua samaki. Kwa aibu tu.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimempigia Zigfrīds. Nimechelewa. Jana Bi Mirdza alimwonea huruma kwa kukosa soko, akamwendea na mtungi wa uyoga, akaondoka na sanduku zima. Yaani uongo wangu ndio uliomshika mkono mpaka kwenye kitabu!

Biruta kacheka mpaka kakaa chini. Kasema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda kwa Bi Mirdza na keki ya tufaha (ya Biruta, hajajua bado). Nikaomba kuazima. Kasema kitabu hakitoki nyumbani, ila kila Jumanne wanawake wafumaji hukutana kwake, nami nakaribishwa. Nimekiona mezani, kimevikwa karatasi ya kaki.

Mimi ninacho kitabu cha unene uleule: maelekezo ya trekta la zamani, nilikipata bure ndani ya furushi. Karatasi ya kaki pia ninayo. Mungu hamtupi mja wake!

Jumanne, 7 Oktoba

Wanawake sita, mwanamume mimi. Bi Ārija, mkubwa wao, kanitia sindano mkononi. "Shika, Ilgvars baba, haziumi!" Nikafuma. Ndiyo, mimi! Kidole gumba kizima cha glovu. Bi Ārija kasema ni cha mtu aliyepigwa nyundo. Wakacheka, nami nikacheka. Chai, mkate mweusi wa mbegu za kisibiti, jiko la kuni. Niliwahi kuwa na mchana mzuri kama huo? Sikumbuki.

Walipokwenda jikoni, nikabadilisha vitabu. Chap! Karatasi yangu ikachanika. Bi Mirdza huyo, birika mkononi, anasoma jalada la trekta. Nikafumba macho.

Akapiga ukelele. "Umejuaje? Nani kakwambia?"

Kumbe trekta la marehemu mumewe limelala ghalani miaka miwili, na ni kitabu hicho anachokitafuta kila soko, alfajiri baada ya alfajiri! Kakumbatia kitabu, kanikumbatia na mimi. Hapo ndipo Juzuu ya Pili ilipochungulia kwenye koti langu.

Kauliza hicho nilikuwa nakipeleka wapi. Nikasema nilikuwa nakipasha joto.

Kaniangalia jinsi walimu wanavyoangalia. Kisha kasema, "Haya, nenda nacho. Lakini Jumanne urudi umalize hiyo glovu."

Jumatano, 8 Oktoba

Juzuu mbili, bega kwa bega. Nimezitazama asubuhi nzima. Biruta kaniletea chai, na kuhusu keki hakusema neno. Raha iliyoje!

Alhamisi, 9 Oktoba

Bi Mirdza kapita barabarani juu ya trekta, moshi tele, anapunga mkono kama malkia. Kasimama kunipa habari: Jumamosi soko la Talsi litakuwa na kitabu cha kusuka vikapu vya matawi, cha zamani sana. Twende pamoja, kasema, sisi ni marafiki sasa.

Marafiki, sawa. Lakini akikiona yeye kwanza? Heri nimtangulie peke yangu, kwa siri. Nikashika shavu. Nikasema jino linaniua, Jumamosi sitoki kitandani.

Kasikitika kwa dhati. Baada ya nusu saa kapiga simu. Mpwa wake ni daktari wa meno, atafungua kliniki kwa ajili yangu tu, Jumamosi saa moja asubuhi. Bi Mirdza mwenyewe atanipeleka na kunishika mkono.

Nilitaka kukata tamaa. Kisha nikauliza kliniki iko wapi. Talsi! Hatua mia moja tu kutoka sokoni!

Mambo yamejipa. Kilichobaki ni kuchagua jino.