Leso Kumi na Nne Ndani ya Ndege

Junda, Kisauni

Kwa Bwana Mkadiriaji wa Abiria,
Shirika la Ndege la Kipanga, Changamwe.

Bwana,

Assalaam aleikum, na shikamoo ikiwa umri wako waitaka. Nimekasirika, lakini nitaandika kwa adabu.

Mwanangu Samiha yuko Nairobi kwa mumewe, mjamzito wa miezi minane, mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mtu huja kujifungulia kwa mamake. Mkwewe, Bi Zubeda, amemzuia. Basi nataka kupanda ndege nimfuate, na ninyi mwanizuia kwa nauli. Mafuta ya kumkandia nimeshanunua, nikiyatazama nalia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu nauli ilikuwa ya kibinadamu. Sasa, mtu akichelewa harusini, jamaa humtandikia leso mkekani kumshikia mahali. Kwa mapenzi hayo hayo, dada zangu, mawifi na majirani, wote kumi na wanne, waliingia kwenye simu, kila mmoja akanishikia kiti kwa jina langu, malipo baadaye. Kufika Alhamisi nauli imepaa kabla ya ndege!

2. Binti wa ofisini kwenu aniambia kompyuta imeona watu wengi waitaka safari ile, ikabashiri ndege itajaa. Watu gani? Ni mimi peke yangu! Nusaiba kumi na wanne ndege moja, hata haikushtuka? Na tangu lini chuma kikajua ya ghaibu?

3. Kwa kuwa umati wote huo ni mimi, basi soko ni mimi. Na soko lasema: teremsheni.

4. Mkikataa, mjukuu wangu akazaliwa mikononi mwa Bi Zubeda, akalambishwa asali ya dukani, wallahi kompyuta yenu itakuja kukaa arobaini badala yangu. Ichemshe maji, imkande mzazi, ipike uji wa pilipili manga. Ikichoka isiseme haikubashiri.

Nisalimie marubani, wabeba mizigo, na binti yule wa ofisini, alinistahimili sana.

Mimi mwenye haki yangu,
Nusaiba binti Ghalib

Nyongeza: Samiha amepiga simu sasa hivi. Amemtoroka mkwewe, yumo ndani ya treni, jioni ashuka Miritini. Alhamdulillahi! Viti vyangu nimeviacha. Ila Bi Zubeda naye atafuta ndege ya kumfuata huku, kwa hivyo nimewaagiza jamaa wote kumi na wanne wamtandikie leso, kwa jina lake. Nauli isiteremke hata thumuni. Kompyuta yenu niliikosea heshima, ina akili sana. Msiiguse.