Kole, Kalitusi na Wamama wa Shirika

Siku ya kwanza, 2 octobre

Nimeona maajabu! Kwa Mama Micheline, kule Himbi ninakofuaka nguo, wameleta meza mupya. Pana, nzito, kumbe si muti mumoja! Ni vipande vyembamba vya kalitusi, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikagandishwa na kole, vikafinywa na mashini. Kalitusi! Ule muti wetu wa makala, unaokua mbio kuliko mutoto.

Élodie, mutoto wangu, analalaka chini kwenye mukeka, na chini ya mukeka ni mawe ya volkano. Asubuhi mugongo wake ni baridi kama samaki. Basi! Atapata kitanda. Nimemuambia. Amecheka na jino lake moja.

Siku ya tatu, 4 octobre

Papa Habiyaremye, fundi wa mbao jirani yetu, amenipa mabaki ya kalitusi, makavu, na chupa ya kole. Akauliza nitafinya na nini. Nikasema mawe. Alicheka mpaka akaangusha randa. Eti Mama Élodie, mbao inataka uzito wa kulingana pahali pote, tena uzito wa kutulia.

Nimejaribu mawe. Yameporomoka. Moja kwenye kidole changu.

Uzito wa kutulia... Shirika! Wamama wetu wa sala! Nimekimbia kuomba rozari ya siku ya tano isaliwe kwangu. Joviale, présidente wetu, akauliza tangu lini niko na viti. Nikajibu kuko benchi mupya. Akili ninayo, mimi!

Siku ya tano, 6 octobre

Nimepaka vipande kole bila choyo, nikavipanga kimoja juu ya kingine. Ncha moja ya mbao juu ya bidoni ya maji, ncha ingine juu ya bidoni ingine, shuka juu. Wamama wane wakakaa, Joviale katikati, amevaa kikwembe chake cha sikukuu. Rozari nzima hakuna aliyetikisika! Sijawahi kusali na furaha hivi.

Kisha Salamu Malkia. Wakasimama.

Na benchi ikasimama nao.

Mama Apolline akaita Yesu. Joviale akaniita mimi, kwa majina yasiyosemwa mbele ya rozari. Wakatoka mulangoni kiubavu, wane na mbao yao, watoto wa avenue wakiwapigia makofi. Papa Habiyaremye amekata vikwembe na makasi. Akasema kwa kweli kole haina kosa. Joviale akaapa hatarudi kwangu hata Askofu akija.

Yenga, siku ya misa, 8 octobre

Élodie amelala kitandani! Mbao imeshika kama chuma, na viraka vya vikwembe juu yake. Imebonyea kidogo katikati, pale Joviale alikaa. Mutoto anabingirika mpaka pale, anatulia. Nimegusa mugongo wake: moto. Nimelia kidogo.

Sasa mimi na papa yake tunataka chetu.

Kisha misa, mama ya Uwizeye, wa parokia yetu, alikuwa anahangaika: ndoa ya binti yake ni siku ya posho inayokuja, wageni tele, benchi hakuna. Nimemuambia atulie, nitaleta mimi. Nikauliza tu kama hotuba zitakuwa ndefu.