Mafua ya Kumpa Muhiddin

Jumatatu, 8 Mei 1933
Homa ya mafua imeniingia. Kichwa kinagonga, pua mfereji. Na Ijumaa Muhiddin, fundi cherehani, anapeleka posa kwa Saadiya, mjane ninayemtaka mimi! Ana nini yule? Cherehani na meno yote.

Nimekwenda kwa Anselmi, dresa wa zahanati. Kaniambia ni vijidudu visivyoonekana hata kwa darubini. Peke yavyo havizai. Vinaingia mwilini, vinaulazimisha mwili uvitengenezee wenzao, kisha vinatoka na chafya na mate kutafuta mwili mwingine. Nikamwambia ndivyo walivyo shemeji zangu wa zamani. Akaniamuru nilale ndani, nisichangie kikombe.

Kikombe! Ahsante, Anselmi.

Jumanne, 9 Mei
Hesabu yangu: vikihamia kwa Muhiddin, mimi napona, yeye Ijumaa yuko kitandani.

Kibarazani, Kariakoo. Muuza kahawa ana vikombe viwili kwa baraza zima, anavisuuza bakuli moja. Mimi mkubwa wao, nikapewa kwanza. Nikanywa nusu, nikakohoa humo humo, nikamkaribisha Muhiddin amalizie. Mnafiki, akajitia adabu: haifai amtangulie shemeji. Akampa Hamud, kaka yake Saadiya. Shemeji, na posa bado! Hamud akakikausha kikombe.

Jumatano, 10 Mei
Nimemfuata Muhiddin kwenye cherehani, eti anipime kanzu. Alipoinama kupima kifua, nikampigia chafya ya uso. Akajifuta, akacheka. "Pole, Mzee Bushiri. Hiyo ilishanilaza mwezi uliopita."

Anselmi anasema mwili ulioishinda homa huikumbuka sura yake, ikirudi haifunguliwi mlango. Angesema Jumatatu. Sasa nina kanzu nisiyoitaka.

Alhamisi, 11 Mei
Hamud kalala kwa mafua. Saadiya, anayekaa naye nyumba moja, naye kalala. Nami bado mgonjwa! Nikamlalamikia Anselmi kwamba vijidudu nimeshavigawa. Akanitazama kwa huruma. "Haviondoki, mzee. Ukimpa mtu, unabaki na vyako."

Nikajikongoja na uji wa kumpelekea Saadiya. Miguu ikagoma kwenye kona, nikaunywa mwenyewe. Aliyewachotea maji na kuwapikia ni Muhiddin. Nani mwingine mzima pale?

Ijumaa, 12 Mei
Posa imekubaliwa. Hamud kajibu akiwa kitandani, kwamba mtu aliyemwoshea bakuli la makohozi hana haja ya kuulizwa ukoo. Saadiya alikohoa kwanza, kisha akasema ndiyo.

Mimi nilikuwepo. Nilikohoa pia. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumatatu, 15 Mei
Nimepona. Harusi wiki ijayo.

Habari njema kutoka mtaa wa Gerezani: Wilbert, seremala, ana matubwitubwi, mashavu yamemvimba hana shingo. Nikapita kwa Muhiddin kumpongeza, nikamdodosa. Hajawahi kuyaugua hata utotoni. Safari hii nimeuliza kwanza.

Nimeazima kwa Wilbert mto anaoulalia. Kesho nampelekea bwana harusi, zawadi.

Mto mzuri, sufi tupu. Nimeulalia mchana kutwa kuujaribu. Sasa najiuliza kama mimi mwenyewe niliwahi kuyaugua.