Mbuzi Watatu na Laptopu Iliyokataa Kuwaka

Nyamai alimwona mgonjwa kabla ya kuwaona waliombeba. Laptopu ilikuwa imefungwa kwa leso, imekumbatiwa kifuani kama mtoto mwenye homa, ikikatiza soko la Kabati katikati ya magunia ya ndengu. Nyuma ya leso kulikuwa na binti mwenye macho mekundu, na nyuma ya binti, mama mwenye miwani na mwendo wa mwalimu mstaafu.

"Bwana asifiwe," Nyamai akanong'ona, na siku hiyo alimaanisha.

Kibandani kwake paliandikwa DAKTARI WA KOMPYUTA. Alizaliwa mjini, Kariobangi, akalelewa Kariobangi, na Kikamba, lugha ya baba zake, kwake kiliishia kwenye salamu na matusi mawili. Lakini mikono yake ilijua kazi. Hilo ndilo jambo la kusikitisha kuhusu matapeli wengi: wangekuwa waaminifu wangefaulu vilevile, ila wangechoka.

"Imekataa kuwaka tangu jana," akasema binti, aliyeitwa Kalekye. "Ndani kuna utafiti wangu wa ndengu, kazi ya miaka miwili. Jumatatu nisipoupeleka chuoni, sihitimu."

"Na hukuweka nakala mahali?"

"Ilikuwa kwa flashi. Flashi ilikuwa kwa mfuko wa suruali. Suruali..."

"Ilifuliwa," akamalizia mama yake, Mwalimu Katunge. "Niliifua mimi. Tuendelee."

Nyamai akaingia nyuma ya pazia. Akafungua skrubu, akachomoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake iliyo nzima. Faili zote zikajipanga pale, zikiwa na afya kuliko yeye. Kilichokufa ni sehemu ya umeme tu. Akazinakili, akanywa chai, akala mandazi mawili. Kisha akatoka na uso wa mtu aliyetumwa kutangaza msiba.

"Mama, moyo umesimama. Lakini faili naweza kuzivuta. Polepole. Moja moja."

"Kwa pesa ngapi?"

"Pesa ya nini, mama? Beberu mmoja tu."

Pesa ya simu huacha meseji, na meseji husomwa na polisi. Mbuzi haachi ila mavi. Hiyo ndiyo ilikuwa falsafa ya Nyamai, na nyuma ya kibanda falsafa mbili tayari zilikuwa zimefungwa kamba, zikitafuna waya wa chaja.

Beberu wa Katunge alifika siku hiyo hiyo, Alhamisi. Ijumaa asubuhi Nyamai akamkabidhi Kalekye flashi. Ndani mlikuwa na jalada, shukrani, na ukurasa wa yaliyomo.

"Na utafiti wenyewe?"

"Unakuja, dada. Sura ya kwanza imekwama kooni. Mbuzi mwingine ataisukuma."

Kalekye akafungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu. Katunge alikuwa akichungulia nyuma ya kibanda, na kando ya beberu wake alimwona mbuzi mwenye sikio lililokatwa alama ya Mzee Mbaluka, na mweusi wa pembe moja wa Mzee Kilonzo. Wazee wa ukoo wake kabisa. Kumbe nao walileta wagonjwa hapa, wakaona haya kusema!

"Daktari, mbuzi zako zinakula waya," akasema kwa huruma. "Kwangu kuna majani. Kesho lete zote tatu zilishe bure. Uje na utafiti wote kwa flashi, halafu uingie zizini ujichagulie malipo. Hata watano."

"Watano?"

"Na uvae vizuri. Kutakuwa na wageni."

Tamaa haina macho, lakini ina pasi. Jumamosi saa nne Nyamai akatokea langoni kwa Katunge na shati jeupe lenye mikunjo ya kukata mkate, flashi mfukoni, mbuzi watatu mkononi. Vigelegele vikalipuka. Akina mama wakampokea kamba. Akapewa kiti. Mbele yake waliketi Mbaluka na Kilonzo, wamevaa makoti juani.

"Tuombe," akasema Mzee Mbaluka. "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa kijana huyu, aliyeleta ntheo kwa ajili ya binti yetu Kalekye."

Nyamai akafumbua jicho moja. "Ameleta nini?"

"Amina. Ntheo, mwanangu. Mbuzi watatu wa kufungua posa. Hukufundishwa? Kwetu mwanamume hafikishi mbuzi watatu kwa nyumba yenye msichana hivi hivi."

"Mzee, hawa wamekuja kula majani!"

"Na hilo shati," akauliza Kilonzo, "limekuja kula nini?"

Boma zima likacheka.

"Lakini hawa mbuzi si..." Nyamai akaanza.

"Si zako?" Kilonzo akainama mbele, sauti tamu kama asali ya Mwingi. "Sema tu. Ni za nani? Huyu wa pembe moja ni kama namfahamu. Nina mpwa wangu polisi, anaweza kutusaidia kukumbuka."

Nyamai akajibu haraka. "Ni zangu, mzee. Ni... hiyo kitu mmesema."

Vigelegele tena. Kutoka nyuma ya pazia la dirisha ikaja sauti ya Katunge, kwa maana mama mkwe haonani uso kwa uso na mkwe, na siku hiyo hakuna aliyeshika mila kumshinda.

"Mwambieni mkwe wangu, ukweni hakufichwi kitu. Flashi!"

Flashi ikatoka. Kalekye akaichomeka kwenye kompyuta ya kuazima. Sura ya kwanza, ya pili, hadi ya tano, hadi picha za maua ya ndengu. Akafunika uso, akalia kidogo, kisha akacheka sana.

"Sasa, binti," akasema Mbaluka, "umemkubali kijana?"

"Wazee wangu, mbuzi ni wazuri. Kijana ndiye sijamkubali."

Nyamai akaruka kutoka kitini. "Basi nirudishiwe mbuzi zangu!"

"Keti," akasema Mbaluka. "Ntheo hurudi siku binti akiolewa na mwingine. Kalekye, utaolewa lini?"

"Nikimaliza PhD."

"Na utaanza lini?"

"Tutaangalia mvua."

Mbuzi wakapelekwa kutunzwa: mwenye sikio lililokatwa kwa Mbaluka, wa pembe moja kwa Kilonzo, na wa tatu akajiendea zizini mwa Katunge bila kuonyeshwa njia. Posa ikabaki wazi, Nyamai akabaki mkwe mtarajiwa, na mkwe mtarajiwa hawatozi wakwe hata ganda la ndizi.

Kalekye alihitimu. Nawe, kompyuta yako ikikataa kuwaka, ipeleke Kabati useme wewe ni wa ukoo wa Katunge. Utapewa faili zako zote kabla chai haijapoa. Juzi aliingia Nadifa, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu zake wote walizaliwa Garissa, mbali kabisa na ukoo wa Katunge, akaweka laptopu yake mezani.

"Shemeji," akasema.

Nyamai akaguna, akachukua bisibisi.