Likizo ya Bata Weupe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku njema kupita kiasi! Mkurugenzi wa kiwanda kaniita ofisini, kafunga mlango mwenyewe. Wanunuzi wakubwa wa vitambaa vyetu wanakuja Ijumaa kuona tumefikia wapi na malengo ya mazingira. Yale yaliyoandikwa kwenye ukuta wa geti: maji safi, hewa safi, taka sifuri. Niliyaandika mimi. Kuyafikia ni kazi ya wengine.

Wakiridhika na maji, watatia saini, nami nitakuwa Meneja wa Mazingira, ofisi yenye kiyoyozi. Wasiporidhika, narudi stoo ya nyuzi nilikotoka. Panya wa kule bado wananikumbuka.

Kuna tatizo dogo. Bwawa la nyuma, yanakopumzika maji ya kutilia rangi kabla ya kwenda mtoni, leo ni la buluu. Wiki iliyopita lilikuwa jekundu. Dada wa Maabara, mpinzani wangu, karudia wimbo wake: pampu ya kusafishia imekufa, na fedha za kuitengeneza nilinunulia fulana za "Tunaupenda Mto Wetu". Wivu tu. Fulana inaonekana. Pampu nani anaiona?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata! Bata! Mgeni akishaona bata wanaogelea, atauliza nini tena kuhusu maji? Na mama mkwe, tunayeishi naye, ana bata weupe pe. Dume lao anamwita Bwana Harusi. Humfuata mpaka jikoni na hupewa tonge kabla yangu.

Nikampa mama nyama ya ulimi. Nikamwambia bata wamealikwa likizo: bwawa kubwa, pumba za bure, heshima tele. Akauliza kama maji ni safi. Nikajipiga kifua. Akanitazama weee, kisha akasema haya, ila Ijumaa atakuja kuwachukua mwenyewe, na Bwana Harusi akipatwa na lolote, nisimwite mama tena. Mke wangu kanivuta kando kunikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Familia hii haina imani na maendeleo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Bata wamegoma kuingia majini. Ng'o! Walisimama ukingoni, wakatazama maji, halafu wakanitazama mimi. Nikatupa mahindi ndani. Njaa haina adabu, wakaingia. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Wakatoka. Lahaula! Buluu mpaka kifuani, kama waliovalishwa soksi ndefu. Dada wa Maabara kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema mwaka mzima anaandika maombi ya pampu kwenye karatasi, kumbe angeandika kwenye bata. Nikaenda kutafuta sabuni. Mtu mzima hajibizani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sabuni ya unga. Limau. Mafuta ya taa. Wapi! Tangazo letu linasema rangi zetu hazichuji, na sasa naweza kuliapia. Bwana Harusi kanidonoa pua. Sikustahili.

Mchana wametia vitambaa rangi ya njano. Bwawa likageuka kijani, na bata waliorudi kutafuta mahindi wakageuka nalo. Kijani! Rangi ya mazingira yenyewe! Mungu hamtupi mja wake. Nitawaambia wageni ni bata wa aina adimu, wamevutwa na usafi wa maji yetu. Bwana Harusi hataki kula, kalaza shingo. Maringo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wageni walifurahi mno. Wakapiga picha bata adimu. Mkurugenzi akanikonyeza. Nilishaanza kuwaza kiyoyozi nikiweke nyuzi ngapi.

Ndipo mama mkwe akaingia. Askari wa getini alimruhusu eti kwa sababu ni mkwe wangu! Akaita mara moja tu, Bwana Harusi akatoka majini akiyumba, kijani tupu, akamlalia miguuni. Mama akamtazama. Akaniuliza mbele ya wote, taratibu, mkwe, mwenzangu umemfanya nini?

Bibi mwenye miwani, kiongozi wa wageni, akachovya leso yake nyeupe bwawani. Ikatoka kijani. Mkurugenzi akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Mama hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alivua mtandio wake, akamfunga bata kama mtoto mchanga, akaondoka na wale wengine nyuma yake. Niliona haya. Kwa dhati kabisa. Zilinikaa mpaka chakula cha mchana.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Hakuna saini mpaka maji yatakate. Mkurugenzi kanunua kifaa cha pampu siku ileile. Kumbe ni kidogo, kinaingia mfukoni! Nani angejua? Dada wa Maabara ndiye Meneja wa Mazingira. Kiyoyozi chake nimekibeba mimi, ngazi zote, na fulana zangu kazifanya matambara ya kufutia sakafu. Kesho naripoti stoo.

Nyumbani nalala sebuleni. Bwana Harusi kalala kwenye kiti changu. Leo kanywa maji na kula tonge moja, na mama kafuta machozi. Mimi ananiita "yule". Nilipomwita mama, aliniuliza ni mama wa nani. Hilo limeniuma, sitaficha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Stoo. Panya wamenipokea vizuri. Bwawa limeanza kutakata, watu wanasema Dada wa Maabara ni hodari. Eti! Bila bata wangu, pampu ingetengenezwa lini? Shukrani ya punda ni mateke.

Ila nimesikia habari tamu. Wageni wanarudi mwezi ujao kukagua lengo la pili, hewa, na bomba letu la moshi linatoa moshi mweusi tii tangu asubuhi. Dada wa Maabara anazungumzia vichujio. Vichujio! Nani anaviona?

Nimewaza humu kati ya mabunda, nimepata. Ndege mweupe akitua juu ya bomba, nani atauliza habari za moshi? Shemeji yangu anafuga njiwa, weupe pe, anawapenda kuliko watoto wake. Jioni nitapita kwake. Nitamwambia wamealikwa likizo.