Spoila ya Meya wa Gorna Kriva

Wananchi wa Gorna Kriva mnatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna gari dogo litakaloruhusiwa kuingia mjini bila Kifaa cha Kudhibiti Hewa ya Nyuma, yaani lile bawa la juu ya buti, ambalo wasio wataalamu huliita spoila. Abiria wa gari lisilo na kifaa atahesabiwa kuwa na hatia sawa na dereva. Kwa amri ya Meya.

Tangazo hilo liliandikwa na Velizar Vezhdarov, Mkurugenzi wa Idara ya Upepo, idara changa yenye dirisha moja lisilofunguka. Iliundwa baada ya Meya Asparuh Dimchev kurudi kutoka Sofia, mji mkuu, siku ya mvua, kitako cha gari lake kikateleza kwenye kona, akajikuta katikati ya kabichi za watu. Kwa kuwa Meya hakosei kuendesha, tume ilichunguza na kubaini kwamba mkosaji ni upepo.

"Tume haikukosea kabisa," alisema Iskra, mkewe Vezhdarov, akichoma pilipili hoho kibarazani kwao, nje kidogo ya mji. Alikuwa mhandisi, miaka mingi kazi yake ilikuwa kuyapulizia magari upepo na kupima yanavyotulia. "Gari likienda mbio, hewa inayopita juu ya paa hukiinua kitako. Spoila hukikandamiza chini. Lakini mjini mnatambaa kama kobe. Huko ni ya kuanikia pilipili tu."

"Nitayapokea maoni yako," alisema Vezhdarov, "kama maoni yanayounga mkono kwa njia nyingine."

"Na ile ya Meya?"

Vezhdarov akajifanya anageuza pilipili. Kamati ya Meya iliamua ukubwa wa spoila ulingane na cheo. Ya karani ilikuwa kama rula. Yake mwenyewe ilikuwa kama rafu ya vitabu. Ya Meya ilibidi lango la halmashauri livunjwe juu ndipo ipite.

"Gari lake linavutwa na magurudumu ya mbele, Velizar. Ukikandamiza nyuma kupita kiasi, mbele kunakuwa kwepesi. Usukani utabaki pambo. Mwambie."

"Nimwambie, halafu tule nini?"

"Pilipili."

Hakumwambia. Siku Waziri wa Uchukuzi alipotarajiwa kuja kukagua maendeleo, Meya aliamua kwenda kumlaki barabara kuu, akiendesha mwenyewe, Vezhdarov kando yake. Nyuma yao spoila ilivuma kama bati la paa lililolegea. Petroli ilikuwa ikinywewa kama pombe ya rakia harusini.

"Unaona?" alisema Meya. "Gari limeng'ang'ania lami kama kupe."

Vezhdarov alihisi mbele ya gari kunaelea. Akafungua mdomo. "Kama kupe, Mheshimiwa," akasema.

Kona ikafika. Meya alikata usukani, gari halikukata. Lilinyoosha, kwa heshima zote, hadi ndani ya shamba la alizeti, likasimama. Hakuna aliyeumia, isipokuwa alizeti.

Iskra alipigiwa simu, akaja kuwachukua kwa gari lake kuukuu, kitako kitupu. Meya aliingia bila kuuliza. Walipofika mwanzo wa mji, Koplo Rusko wa kizuizi cha polisi akanyoosha mkono.

"Kifaa kiko wapi, mama?"

"Sina."

"Koplo, unanijua mimi?" Meya akauliza.

"Nakujua, Mheshimiwa. Ndiyo maana naogopa kuivunja amri yako. Abiria ana hatia sawa na dereva."

Akawaongoza hadi yadi ya polisi. Humo mlikuwa na magari matatu meusi kutoka mji mkuu, yamezuiliwa tangu asubuhi kwa kukosa spoila. Juu ya kreti ya bia alikuwa ameketi Waziri, akila mkate na jibini alivyogawiwa na mlinzi.

"Nimesikia kuna mtu aliyebuni amri hii," alisema Waziri polepole. "Natamani kumfahamu."

"Huyu hapa," alisema Meya. "Mkurugenzi wa Upepo."

Vezhdarov alimtazama mkewe. Iskra alikuwa akimtoa jani la alizeti kwenye kola ya koti.

"Mheshimiwa Waziri," Vezhdarov akasema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe, "wazo, vipimo na ile ibara ya abiria ni vya Meya. Mimi nilisaidia tahajia. Na niliogopa kusema."

Waziri akasogea kidogo kwenye kreti, akampa Vezhdarov nafasi. "Wanasema ni saini ya Meya tu inayoachia magari. Basi tia saini utuachie, Meya, twende zetu."

Koplo Rusko akakohoa. "Samahani, wakubwa. Mtuhumiwa hawezi kujiachia mwenyewe. Tunamsubiri Meya mwingine."